Usingizi wa Kuazima

Mimi nimelala stesheni, nimelala mabohari, nimelala juu ya magunia. Leo hii nifundishwe kulala? Ndivyo nilivyomwambia nesi aliponipa mashine ya kupumulia.

"Babu, una matatizo mawili ukilala," akasema. "Koo linaziba, na ubongo nao unasahau kukiamuru kifua kivute hewa. Mashine itakikumbusha. Ivae usiku wiki mbili, uniletee kadi yake inayorekodi pumzi."

Mke wangu alikwishatangulia kwa mwanetu, mwendo wa siku mbili kwa treni, kumlea mjukuu mchanga, somo yangu. Kwenye simu aliapa: "Bila ruhusa ya nesi, usije. Sitaki kuzika mtu stesheni."

Usiku wa kwanza nilijiona tairi linalojazwa upepo. Asubuhi nikamwendea kaka wa mke wangu, fundi viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Shemeji, nilalie na hii. Wewe unalala kama gogo."

Akalala nayo wiki mbili. Mimi nikafunga mizigo.

Nesi akaisoma kadi, akaisoma tena. "Ajabu! Pumzi haikukatika hata mara moja. Umepona, babu. Safari njema, na mashine irudi, wapo wanaoingoja."

Nikarusha kofia juu! Shemeji, aliyenisindikiza, akaidaka na kuiminya kama soli.

"Nesi, usiichukue. Kifua ulichokisoma ni changu."

"Msaliti we!"

"Nakusikia ukutani, shemeji. Unakata pumzi mpaka nami naibana yangu. Ukifia kwenye treni, dada atanishona mdomo kwa uzi wa viatu!"

Nesi alicheka hadi akashika meza. Kisha akanielekeza kitandani, mchana kweupe, akanikaza mikanda ya barakoa mwenyewe. "Usishindane nayo. Iache ikungoje."

Kweli ilingoja. Nikivuta, ikatulia, nikisahau, ikanisukuma kidogo, kama mtu anayekugusa bega foleni ikisogea. Nilipoamka nilikuwa mwepesi hata nikaiamkia kalenda ya ukutani.

"Mbona hukuniambia kulala ni kutamu hivi?"

"Nilikwambia, babu. Haya, wiki mbili upya. Kwa kifua chako."

Zikapita nikipiga mluzi. Kadi ikasoma vizuri, nesi akaniruhusu, nikapanda treni na mashine mapajani. Mke wangu alinipokea na somo yangu mgongoni.

"Umefika na pumzi zako?"

"Zote zangu. Za kaka yako nimemrudishia."