Bei ya Kahawa Ukutani

Wewe umewahi kunusa samaki katika chumba ambacho samaki hajaingia? Basi njoo chumba cha marehemu mama yangu, Kunigunda, hapa Mkumbi, wakati wa uchaguzi.

Ukuta wake aliubandika magazeti kwa uji wa muhogo, kuzuia vumbi la udongo. Ukurasa mmoja, juu ya kitanda, ulitoka kwenye gazeti la akina mama lililoletwa na masista nchi ilipopata uhuru. Nilikuwa mtoto, nikimsikia akiwasomea wanawake waliochambua kahawa barazani kwetu, mpaka wakayashika maneno: mama, kura ni yako, nenda mwenyewe.

Baba hakujua kusoma. Alipouliza, mama akamjibu, "Hiyo ni bei ya kahawa." Baba akawa anawaonyesha wageni, anajivuna. Hadi siku alipokuja katekista, akaonyeshwa hiyo bei, akaisoma kwa sauti.

Baba hakugomba. Kura zilipokaribia alimtuma mama aende Lundo, kule ziwani, akanunue usipa, dagaa wetu wa Nyasa. Kwa miguu, milima yote ile. Aliporudi, watu walikuwa wamekwishapiga kura. Alilitua kapu chini ya ukurasa ule, hakuligusa tena, usipa ukaoza. Uchaguzi uliofuata ulimkuta kaburini.

Tangu hapo, kura zikikaribia, ukurasa ule hutikisika hata pasipo upepo, unanong'ona kama mtu anayesoma taratibu. Halafu harufu inakuja.

Mwaka huu mjukuu wangu Leopold alimwambia mkewe, Rosemary, "Kesho panda gari la Lundo, ulete usipa wa wageni wa komunyo ya mwanetu Tarsisi."

"Kesho si kura, Baba Tarsisi?"

"Yangu inatosha nyumba nzima."

Asubuhi Rosemary alinikuta chumbani humu, akija kuchukua kapu.

"Shikamoo, bibi. Usipa huu unaonuka kaleta nani?"

"Marahaba. Hakuna aliyeleta, mwanangu."

Nikamsimulia yote. Alisikiliza kiganja chake kikiwa juu ya ukurasa, kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Karatasi ikatulia.

Leopold akaita kutoka mlangoni, "Gari litakuacha, Mama Tarsisi. Au na wewe unasoma bei ya kahawa?"

Rosemary akatoka, akamwekea kapu mikononi.

"Nataka kupiga kura yangu mwenyewe," alisema. "Usipa kanunue wewe."