Kulilinda Jina la Marehemu Darrin

Alhamisi alasiri Verlene Huffaker alikuwa akigawa karata kwenye meza ya jikoni kwake, mjini Muncie, Indiana, mlango wa nyuma ulipofunguka akaingia mwanawe Darrin, aliyefariki miaka minane iliyopita. Alikuwa amevaa buti mpya za ngozi. Akapangusa theluji kwenye mkeka, akavua kofia, akawasalimu wanawake waliokuwa mezani.

"Karibu, baba," akasema Oneta Stoops, jirani wa nyumba ya pili, macho hayajatoka kwenye karata zake. "Funga mlango, joto linatoka. Na unavyonenepa hivyo, sijui mlango huo utakutosha mpaka lini."

"Buti hizo si za bei ndogo," akasema Twyla, wifi yake Verlene. "Mwizi wako ana macho, simnyimi haki yake."

"Sikuzichagua mimi, shangazi."

"Najua. Ulipokuwa hai ulivaa raba zilizotoboka mpaka tukaona haya kanisani."

Wakacheka. Darrin naye akacheka, akavuta kiti, akajipakulia tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda.

Nyumba ya Verlene haikuwa na siri. Ukitaka kujua nani kaachika na nani kapaka nywele rangi, ulikwenda pale Alhamisi na bakuli lako la chakula, ukatoka umeshiba vyote viwili. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua kwamba habari ya Darrin ilianza na tanzia. Kijana alikufa akiwa na miaka kumi na tisa, gari lake lilipoteleza kwenye barafu. Verlene aliiandika tanzia ya gazetini kama mtu anayemfungia mwanawe mzigo wa safari, asisahau kitu: majina yake yote matatu, tarehe ya kuzaliwa, hospitali, shule, ukoo wa mama yake kabla hajaolewa, hata mbwa wao. Watu waliisoma wakalia. Mtu mmoja wa mji wa mbali aliisoma bila kulia, akainunua namba ya serikali ya marehemu, ile inayomtambulisha mtu benki na madukani, huko wanakouza vitu hivyo, akaomba laini ya simu kwa jina la Darrin.

Jioni ileile Darrin alisimama barazani, mwepesi kiasi kwamba kitasa cha mlango kilionekana kifuani mwake. Verlene akamwambia aingie, nje kuna baridi.

Mwizi akakopa jokofu, Darrin akapata mwili. Mwizi akachukua kadi ya duka, Darrin akapata sauti. Kila jina lake lilipotumika alikuja, amevaa kilichonunuliwa, umri umesogea kama wa watu wengine. Kuna mwaka mwizi aliugua, au alifungwa, au aliokoka, hakuna aliyejua; majira yote ya baridi Darrin hakuonekana. Verlene alikonda hadi Oneta akawa anamletea supu na kumsimamia anywe.

"Kuna mtu anasaini, mama," Darrin alimweleza aliporudi. "Nasikia kalamu. Halafu najikuta nakuja huku."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Sijui. Ana haraka tu."

Tatizo lilikuwa wadai. Walipiga simu asubuhi, wakapiga tena wakati chakula kinaombewa. Siku moja mdai aliomba kuzungumza na Darrin mwenyewe. Darrin akapokea, akamwambia yeye ni marehemu. Mdai akamjibu kwamba wote husema hivyo.

Ndiyo sababu Alhamisi ile ya buti, Marcy, dada mkubwa wa Darrin, alikuja na kompyuta yake, akasukuma bakuli la tambi kando.

"Leo tunachagua huduma ya kulinda utambulisho," akasema. "Leo, mama. Sio wiki ijayo."

"Kaa kwanza ule."

"Nimekula. Nisikilize. Ziko kampuni tatu. Ya kwanza inalifunga jina kabisa: tunawapelekea cheti cha kifo, wanawajulisha wakopeshaji wote, basi, hakuna atakayelitumia tena. Ya pili hailifungi, ila ukiibiwa wanakuwekea wakili. Ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote. Hiyo inakuambia tu."

"Inakuambia nini?" akauliza Twyla.

"Kwamba umeibiwa."

"Hee! Nilipe kila mwezi niambiwe nimeibiwa? Si Oneta anafanya hiyo kazi bure?"

"Tena na rangi ya shati la mwizi nakutajia," akasema Oneta, akitupa ghulamu wa turufu mezani. "Ila ya wakili msiiguse. Shemeji yangu kule Kokomo aliichukua hiyo. Wakili alimpata. Jina lake hajalipata mpaka leo."

Darrin alikuwa akila taratibu, kama mgonjwa ambaye madaktari wanajadiliana juu ya kitanda chake. Marcy akamgeukia.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mtu wa kuja nikiitwa," akasema Darrin. "Ongea na mama."

Verlene akafuta mikono, akachukua simu, akaipigia kampuni ya kwanza. Alipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole, akaiweka simu katikati ya meza ili wote wasikie, maana wasingeacha kumuuliza baadaye.

"Mkilifunga jina la mwanangu," akasema Verlene, "ataendelea kuja?"

"Swali hilo tunaulizwa sana, mama," akasema yule mwanamke. "Hapana, hawaji tena. Jina likishafungwa wanatulia ndani ya siku chache. Wateja wetu wengi wanafurahia."

"Na huyo anayeliiba, mtamkamata?"

"Sisi hatukamati mtu, mama. Sisi tunalinda."

"Mnajua aliko?"

"Tunajua mji na mtaa. Kwa sheria ya faragha haturuhusiwi kukutajia." Karatasi zikachakarika. "Kuna punguzo kwa wajane, kama wewe ni mjane."

Verlene alikuwa mjane. Akashukuru, akakata simu, akachukua karata zake akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

"Nipe ya tatu," akamwambia Marcy.

"Mama, ya tatu haizuii kitu!"

"Nimesikia."

"Unamlipa mtu akuangalie ukiibiwa."

"Nalipa nijue anakuja lini. Mara nyingi ananikuta sina kuku."

Marcy alimtazama mama yake, akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amekufa akiwa mdogo wake kwa miaka minne na sasa ana mvi moja juu ya sikio. "Huyo tulimzika," akasema. "Nilishika jeneza upande wa miguu. Nilijua uzito wake, na huyu hana uzito ule." Hata hivyo akaijaza ile fomu ya kampuni ya tatu, kwa sababu mama alikuwa ameshika kadi ya benki mkononi na asingeiweka chini. Akafunga kompyuta, akaondoka. Tangu hapo Alhamisi hakuja tena. Alikuwa akipiga simu Jumapili, akizungumza habari za hali ya hewa.

Huduma ilifanya kazi kama ilivyoahidi. Simu ya Verlene ililia kengele ndogo, maandishi yakasema jina la Darrin Huffaker limetumika, naye akabandika sufuria jikoni. Tambi zilipoiva, Darrin alikuwa mlangoni. Twyla alikiri kwamba kwa bei ile si haba.

Ila alikuja amebadilika. Kwanza akawa anashika kijiko kwa mkono wa kushoto. Kisha akaanza kukataa tambi, akaomba pilipili, na katika nyumba ile pilipili haikuwa imewahi kuingia. Macho yakabadilika rangi katika wiki moja, na hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele ya mama yake, bali kwenye uzio wa Oneta lilitajwa sana. Mkononi akaja amechorwa jina la mwanamke, Yesenia. Verlene akalisoma, akauliza kama ni msichana mzuri.

"Nani?" akauliza Darrin.

Oneta, ambaye alimjua tangu akiwa kwenye nepi, akamtega. "Hebu nikumbushe, baba. Yule mbwa wenu aliitwaje?"

Darrin akatabasamu vizuri kabisa, kama mtu wa dukani. "Alikuwa mbwa mzuri yule," akasema.

"Amechoka," akasema Verlene. "Anatoka mbali. Cheza, Oneta, ni zamu yako."

Machi, theluji ilipoanza kuyeyuka, simu ikalia kengele zaidi ya mara moja asubuhi moja, na Verlene akaingia gharama akanunua kuku wawili. Darrin hakupitia mlango wa nyuma. Aligonga kengele ya mlango wa mbele kama mgeni, akasubiri afunguliwe, akaisifu nyumba. Alikuwa mtu mzima mwenye suti. Akakaa karibu na Verlene, akakataa chakula kwa adabu, akamshika mkono.

"Mama," akasema, "hebu niambie habari zako. Wewe ulizaliwa lini?"

Karata zikasimama. Twyla akatazama dirishani.

Darrin hakuwahi kumuuliza swali la namna hiyo alipokuwa hai, wala marehemu mumewe, wala Marcy. Verlene akakigeuza kiti chake kumwelekea mwanawe. Akataja siku, mwezi na mwaka, akaongeza kwamba siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe. Akaulizwa mji, akautaja. Akaulizwa ukoo wa mama yake, akautaja pamoja na habari za bibi mmoja aliyetoroka na muuza farasi.

"Verlene," akasema Oneta, akimwekea mkono begani. "Shoga. Cheza karata."

"Subiri kidogo, mwanangu ananiuliza."

Akaulizwa benki. Akaulizwa kama nyumba ni yake peke yake au ina mtu mwingine. Mwisho akaulizwa namba yake ya serikali, na Verlene akaisema kwa kichwa, polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akimsomea herufi alipokuwa mdogo. Darrin hakuandika popote. Aliirudia yote mara moja, hakukosea hata moja.

Verlene akawageukia wenzake, uso umemng'aa.

"Mmemsikia?" akasema. "Na walimu walikuwa wakiniambia mtoto huyu hana kichwa cha namba."