Suruali ya Kipepeo

Mwimbaji aliyejiita Kipepeo hakupanga kamwe kushika suruali yake. Hilo lisemwe mapema, maana siku hizi kila mtu anajidai alijua tangu mwanzo, wakati mtu pekee aliyeujua ukweli wote ni fundi aliyeishona.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye cherehani mbili na ulimi mmoja mkali. Mume wa mdogo wake alikuwa mpiga picha za video, na ndiye aliyemletea kazi: suruali nyeupe ya kung'aa, pana kama pazia, ya kuvaliwa kwenye video ya wimbo mpya.

"Shemeji, hii itatutoa," alisema akizungukazunguka kwenye kibanda cha kushonea. "Nimekodi gari jekundu lisilo na paa. Nimekodi mashine ya moshi. Nimekodi njiwa kumi na wawili. Watu hawatasahau!"

"Na hao njiwa watafanya nini?"

"Wataruka."

"Haya," akasema fundi, maana ukiuliza sana unaambiwa una wivu.

Suruali ikakamilika, isipokuwa kiuno. Mpira ulikuwa umemwishia na duka la vifaa lilikuwa limefungwa. Akachakura kopo la vifungo mpaka akapata kipande cha zamani. Alipokivuta kikalia kama mlango wenye kutu. Akakitazama, kikamtazama. "Utashika," akakiambia, akakishonea ndani. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Siku ya kupiga picha aliitwa aje na sindano zake, kama tahadhari. Kazi ilifanyika uani, nyuma ya ghala. Njiwa walipofunguliwa hawakuruka. Walishuka chini wakaanza kuokota punje kama wazee waliodondosha miwani. Mashine ya moshi ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Gari lilitakiwa kurudishwa saa sita, na mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya paa.

Shemeji, jasho likimtiririka, akapaza sauti: "Tunapiga mara moja, mwanzo mpaka mwisho! Asisimame mtu, hata ghala likianguka!"

Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Kiitikio kilipofika Kipepeo akaruka juu, na alipotua mpira ukakatika. Kufumba na kufumbua, suruali ilikuwa imeshuka kiganja kizima. Akaidaka kwa mkono wa kushoto, macho yamemtoka pima. Lakini ameambiwa asisimame; basi akaendelea kuimba, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukipunga, magoti yamebanana, akienda upande kama kaa.

Nyuma yake walikuwepo wachezaji wanne, ambao walichokiona ni mgongo tu. Wakadhani mtindo umebadilika. Kwa adabu ya kazi wakashika viuno vyao, wakabana magoti, wakaenda upande.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na sindano zake. Wimbo ulipoisha tu, mvua ikashuka.

Shemeji alihangaika siku nne kuuondoa ule mkono. Akikata hapa, unatokea pale. Mwishowe akaitoa video kama ilivyo, akazima simu.

Asubuhi ya siku ya tatu tangu video itoke, fundi alipita mbele ya kinyozi akausikia wimbo ule. Akachungulia. Kinyozi alikuwa ameshika mashine kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine, anaenda upande. Na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alikuwa naye bega kwa bega. Kufikia jioni, fundi alikuwa amewaona wauza mboga, wasichana wa shule na askari mmoja mwenye tumbo lake, wote wakienda upande kama kaa. Aliuliza watu kuhusu gari jekundu. "Gari gani?" Njiwa je? "Kulikuwa na njiwa?"

Haikupita wiki, wateja wakaanza kuja. "Fundi, nataka suruali inayoanguka."

"Mimi nashona suruali zinazokaa," aliwajibu, na uso ukimwaka moto.

Kisha wakaja Kipepeo mwenyewe na shemeji, wamejaa tabasamu.

"Shikamoo, mama. Tunataka nyingine kwa video ya pili. Kiuno kile kile."

"Marahaba. Keti." Fundi akavua miwani. "Mwanangu, sikukutendea haki. Ule mpira nilijua ni mbovu. Ulinililia masikioni nikautia."

Kipepeo akaangua kicheko mpaka akaegemea cherehani. "Mama! Na mimi nilidhani nimekonda! Nimejilazimisha kula wiki mbili nzima kwa sababu yako! Basi tia mbovu mwingine."

"Sitii."

"Shemeji, usituharibie," yule mpiga picha akaingilia. "Watu wanapenda mkono kiunoni."

"Wanapenda mkono? Video hiyo nimeitazama kuliko mama yake mzazi. Tazama uso. Ameogopa kweli, na bado anaimba. Kila anayetazama anajiuliza, itaanguka, haianguki? Anamshikia suruali pamoja naye. Sasa mtu akijua mapema kwamba itaanguka, nani atamshikia?"

"Ataigiza!" Shemeji akatoa simu. "Kipepeo, hebu ogopa."

Kipepeo akashika kiuno, akatoa macho, akaenda upande. Wakaitazama picha, wote watatu.

"Unaonekana una tumbo la kuhara," shemeji akakiri.

Fundi akachukua futi, akampima kiuno upya, akaishona suruali ya pili kwa mpira mpya na nyuzi mistari mitatu. Siku ya kupiga picha, suruali haikusogea hata unywele. Video ilitazamwa, ikasifiwa, na baada ya mwezi watu wakaanza kuichanganya na nyingine. Shemeji alinuna mpaka mkewe akamtuma nje akapunge upepo. Kipepeo hakununa. Alirudi kwa fundi akaagiza suruali tatu za kuvaa barabarani, kwa sababu, alisema, sasa hawezi kwenda popote bila watoto kumwomba aruke.