Shahidi Aliyekataa Kudanganya

Chelangat alikuwa akishuti filamu yake ya kwanza kwa simu ya kuazima. Katika hadithi yake, mpelelezi anaingia ndani ya friji mbovu mtaani Kaptembwo na kutokea mwaka wa tisini na saba, kumsaka muuaji wa karani wa kituo cha maziwa. Tisini na saba yenyewe ilishutiwa kijijini Subukia, kwa nyanya yake, ambako mapazia na makochi hayakuwa yamebadilishwa tangu miaka hiyo.

Asubuhi moja, mwigizaji aliyepaswa kuwa shahidi alipiga simu kusema jino limemvimbisha shavu, haji. Chelangat akamwendea nyanya yake, Kogo Jepkemei, aliyekuwa mlangoni akichambua managu. Akamweleza kwamba kazi ni ndogo: mpelelezi atabisha hodi, aulize kama kuna mtu amepita, naye ajibu hajaona mtu. Kogo akataka kujua kama kweli kuna atakayepita. Akaambiwa yupo, ni Wasike, anayeigiza muuaji. Atakuwa nyuma ya zizi akingoja zamu yake.

"Basi hiyo ni uongo," Kogo akasema.

Chelangat akamwambia filamu yote ni ya kutunga, hakuna anayedanganywa. Kogo akaendelea kuchambua mboga zake, na Chelangat akadhani amekubali.

Jerry, aliyeigiza mpelelezi, akabisha hodi akiwa amevaa koti refu la mvua. Akauliza swali lake.

"Nimemuona," Kogo akajibu. "Amejificha nyuma ya zizi. Shati yake iko na damu, na tangu asubuhi anakula miwa yangu."

Jerry akamtupia jicho Chelangat. Chelangat alijua angepaswa kusimamisha, lakini mikono ilikataa kushusha simu. Akampa Jerry ishara ya kichwa: nenda. Jerry akatimua mbio. Wasike, aliyekuwa amesikia yote, hakuona la kufanya ila kutoroka kikweli, muwa mkononi. Wakapita katikati ya mahindi, wakatawanya kuku, hadi Wasike akateleza na kutumbukia kwenye shimo la samadi. Jerry akamfunga pingu humo humo, wote wawili wakiuma midomo wasicheke.

Walipokaa kunywa chai, Wasike amejifunga leso ya Kogo, Chelangat alikuwa karibu kulia. Muuaji amekamatwa na filamu haijafika nusu. Akaitazama ile video mara moja, kisha tena, na safari hii akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Huu ndio mwisho wetu," akawaambia. "Hayo mengine tutayashuti yaje kabla yake. Kila mtu anamficha huyu muuaji, mpaka mpelelezi afike kwa Kogo."

Walipoionyesha kwenye ukumbi wa kanisa Kaptembwo, shuka jeupe likiwa ndilo skrini, watu walipanda juu ya viti Wasike alipoingia kwenye mahindi. Mama mmoja alimuuliza Chelangat yule nyanya alisomea wapi uigizaji. Chelangat akageuka kumtafuta. Kogo alikuwa safu ya pili, akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa, akimwomba wa mbele yake aketi kwa sababu anamziba.