Mtu wa Ishirini Ametikisika

…na sasa pua nayo imeanza kuwasha, kana kwamba haya mengine hayatoshi, amelala kifudifudi ndani ya tundu la mashine ya MRI, ile ya kupiga picha kwa sumaku, shavu kwenye sponji, mkono wa kulia umenyooshwa mbele ya kichwa kama mtu anayesimamisha gari, umebanwa ndani ya kifaa cha plastiki, mkono wa kushoto uko chini ya tumbo umeshika kipira cha kubonyeza akizidiwa, binadamu ana mikono miwili na yote imeshapewa kazi, sasa pua akune na nini, ta-ta-ta-ta, mashine inagonga kama fundi bati aliyegombana na mkewe, ta-ta-ta-ta, halafu kimya, na masikioni inaingia sauti ya fundi wa mashine, mpole huyo, mpole mpaka anaudhi, "Dada, pole, picha imetikisika tena. Hiyo mara ya pili. Tunarudia ile ile, dakika nne tu, usisogeze hata kidole, sawa?" Sawa, anajibu, sawa kitu gani, hakuna lililo sawa, kidole amekisogeza makusudi, hicho kidogo cha mwisho, mara ya kwanza alikikunja kidogo tu, mara ya pili akakikunja zaidi, na atakikunja mara ya tatu, kwa sababu kanuni anaijua, aliichapa mwenyewe kwa vidole hivi hivi, ukurasa wa tisa, picha ikitikisika mara tatu mfululizo mshiriki aondolewe bila kuulizwa zaidi, bila kuulizwa zaidi, maneno matamu hayo, yeye ni karani wa utafiti huu tangu siku ya kwanza, amechapa kila fomu, amepiga kila simu, amewapanga wagonjwa ishirini wa baridi yabisi kwa tarehe na wazima ishirini wa kulinganisha nao, wazima kumi na tisa, kwa kweli, maana yule wa ishirini jana alipiga simu akasema amekumbuka ana skrubu gotini, skrubu, mtu anasahau vipi ana skrubu kwenye goti, na Daktari akasimama katikati ya ofisi akizungusha macho kama mtu anayetafuta kiti cha kupandia afikie taa, macho yakamwangukia yeye, "Si wewe upo? Wewe si mzima?" na yeye akajibu mzima, Daktari, akajibu haraka, kama watu wanavyojibu salamu mlangoni, hujambo sijambo, za nyumbani nzuri, nyumbani hata kungekuwa kunaungua ungesema nzuri, jibu lilimtoka kabla hajalifikiria, na baada ya hapo angelirudishaje, angesema samahani Daktari, nilikuwa nakusalimia tu?

Hajasema kitu kwa miezi minane, angeanzia wapi. Miezi minane kengele ya simu inalia saa moja kabla ya wakati wake, anaamka anakwenda jikoni, anachemsha maji, anayapooza kwenye karai, anatumbukiza mikono, anangoja vidole vilegee kimoja kimoja, kile cha shahada ndicho cha mwisho na ndicho kiburi, mumewe anadhani anawahi kazi, anamsifu kwa majirani, mke wangu mchapakazi, haamshwi, na yeye anacheka, na kwenye fomu jana jioni akafika swali la saba, swali alilolichapa mara arobaini, je, asubuhi viungo vya mikono yako hukaza kwa zaidi ya nusu saa, kalamu ikasimama hapo, akajiambia siyo zaidi ya nusu saa, ukitoa muda wa kusubiri maji yachemke inabaki dakika ishirini na nane, ishirini na tisa siku za mvua, na dakika ishirini na tisa siyo nusu saa, akaandika hapana, hapana yenye mwandiko mzuri, kalamu kaishika katikati ya vidole vya pembeni kama alivyozoea siku hizi na hakuna aliyeuliza kwa nini… na pete, pete ndiyo ilimtoa jasho, fundi alisema chuma chochote kivuliwe, na pete haijatoka kwenye kidole tangu kifundo kivimbe, akakaa bafuni usiku kucha, si usiku kucha, nusu saa, haya, nusu saa kamili ile isiyokuwepo kwenye fomu, sabuni, uzi, mafuta, machozi, mpaka ikaruka ikagonga ukuta, na leo fundi alipokuwa anampanga mkono kwenye kifaa akaona ile alama nyekundu, akatania, "Dada, hii ndoa imekukaa sawasawa!" akacheka naye, yeye ni bingwa wa kucheka, hata mama yake alikuwa hivyo, mama mshonaji, alikuwa akiulizwa mikono vipi anasema baridi tu hii, itapita, na ilikuwa baridi gani hiyo isiyopita kiangazi wala masika, alikwenda hospitali mara moja, akapigwa eksirei, akaambiwa mifupa yako safi mama, ni utu uzima, mama alikuwa na miaka arobaini na moja, akarudi nyumbani na hiyo mifupa yake safi, miaka mitatu baadaye hakuweza kupitisha uzi kwenye sindano, miaka sita baadaye vidole vilikuwa vimelalia upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, kikombe cha chai anashikiwa, na aliyemshikia alikuwa yeye, anajua uzito wa kikombe hicho, anajua mama alivyokuwa akigeuza uso pembeni akinywa ili asionwe na mwanawe, ndiyo maana hataki, si kwamba hajui, tatizo lake ni kwamba anajua sana, anajua kila neno, eksirei huonyesha nyumba ikishabomoka na picha za sumaku huonyesha ukuta ukiwa bado unalowa, hiyo sentensi ya Daktari, anaipenda, kaisema kwenye kila mkutano na yeye kaichapa kwenye kila muhtasari, ukuta unaolowa hukaushwa, dawa zipo, wahi mapema, mapema mapema mapema, na yeye anaichapa kwa kidole cha kati kwa sababu cha shahada hakikunjiki, sasa nani mpumbavu hapa, nani…

"Daktari, huyu sijui kama tutampata," inasema sauti ya fundi, lakini haimsemeshi yeye, fundi kasahau kuachia kile kitufe cha kuongelea, na mlango wa chumba cha pili unasikika ukifunguka, viatu vya Daktari vinaingia, anavijua, vinalia kama vina njaa, "Kafanyaje?" anauliza Daktari, na fundi anasema ametikisika mara mbili, bado moja kanuni imtoe, na Daktari anavuta pumzi ile ya kukatishwa tamaa anayoivuta printa ikigoma, "Tukimkosa huyu tunaanza kutafuta mtu upya, na wiki ijayo tunafunga hesabu ya watu," halafu fundi kwa sauti ya chini, "Au labda anaumwa? Nilivyomnyoosha mkono nilimwona kama kakunja uso," na yeye humo ndani ya tundu anaomba, mwambie, fundi, mwambie na ile pete, mwambie, wala usimwambie, na Daktari anacheka, kicheko cha kirafiki kabisa, "Huyu? Huyu mzima kama chuma. Mwaka mzima nakaa naye ofisi moja, meza kwa meza. Angekuwa na kitu ningeshaona. Ni woga wa mashine tu, mwambie afumbe macho," ningeshaona, kasema ningeshaona, viatu vinalia tena vinatoka, mlango, na kinachompanda si woga, ni hasira, hasira safi ambayo hakuijua kama anayo, ningeshaona, mtu ambaye kazi yake duniani ni kuona kiungo kinachovimba kabla mwenyewe hajajua, anayekaa gizani kwa saa tatu akihesabu madoa meupe ya upana wa punje ya mchele kwenye mifupa ya watu asiowajua hata majina, mtu huyo kamwona karani wake akifungua mlango kwa kiwiko miezi minane, kamwona akibeba majalada kwa mikono ya mbele kama anabeba mtoto, akimwomba mfagizi amfungulie chupa ya maji, kamwona akiacha kuandika kwa mkono na kusema mwandiko wangu umeharibika Daktari, na Daktari akasema hata wangu, meza kwa meza, angeona nini, anaangalia picha, hamwangalii mtu… na hapo hapo hasira inageuka, inamrudia mwenyewe, maana ni nani aliyekuwa akificha mikono chini ya meza, ni nani aliyesema mzima, mtu ukijifunika gubigubi miezi minane halafu umlaumu mwenzio kwa kutokukuona, hapana, lakini hata hivyo, lakini angeuliza, siku moja tu angeuliza na angengoja jibu, basi, wote wawili wamekosa na wa kubanwa kwenye plastiki ni mmoja.

Akunje kidole, yaishe. Dakika moja ya kukunja kidole, kanuni imtoe bila kuulizwa zaidi, arudi mezani, mkataba unaisha baada ya miezi miwili na nani atamwongezea karani asiyeweza kuchapa, akunje, ni rahisi, na asipokunja je, akitulia, picha itatoka safi, na itakwenda kusomwa bila jina, namba tu, ishirini, upande wa wazima, na kama ndani ya kifundo chake kuna lile doa jeupe, ule ukuta unaolowa, na lipo, hahitaji mashine kumwambia lipo, basi kwenye jedwali itaandikwa kwamba hata wazima wana mifupa inayolowa, na jedwali hilo atalichapa nani, yeye, na itakuja siku mwanamke fulani ataonyeshwa picha yake yenye doa kama hilo, na daktari fulani aliyesoma jedwali atamwambia hili si kitu mama, hata wazima wanalo, rudi nyumbani, mifupa yako safi… anamkumbuka mgonjwa wa saba, yule msusi, alikuja na mikono ameikunja ndani ya khanga, akashindwa kushika kalamu ya kusaini, yeye ndiye aliyemshikia, mkono juu ya mkono, mikono miwili mibovu ikisaini jina moja na mmoja tu ndiye aliyekuwa kwenye orodha ya wagonjwa, na siku Daktari alipomgeuzia kioo cha kompyuta akamwonyesha, mfupa mweusi na doa jeupe ndani yake, yule msusi hakushtuka, alishusha mabega, akalia polepole, akasema, "Afadhali. Nilishaanza kudhani najisingizia," na Daktari akampa karatasi ya kufutia machozi, na yeye karani akaenda chooni, akafungulia bomba, akalia naye kwa sauti ya maji, akarudi akachapa, mgonjwa wa saba, picha zimekamilika, na kwa nini alilia, siku ile alijiambia ni huruma, huruma gani, ulikuwa wivu, alimwonea wivu yule msusi, ndiyo, wivu mtupu, kuonwa, kuonyeshwa kitu kwa kidole ukaambiwa kipo, hiki hapa, hukusema uongo, mama hakuwahi kukipata hicho, mama alizikwa na mifupa safi.

"Haya dada, mara ya mwisho hii," fundi anasema, sasa kweli anamsemesha yeye, "Daktari kasema ufumbe macho. Dakika nne. Uko tayari?" na pua inawasha, na kidole cha shahada kinaungua kama kimeshika sufuria bila tambara, na kile kidogo cha mwisho, cha hila, kinangoja amri, na kinywa chake kinafunguka, hajakipanga, "Fundi, ngoja kidogo, swali la saba kwenye fomu yangu niliandika uongo," lakini fundi ameshaachia kitufe, na kikiachiwa sauti haipiti huku wala huko, kile kile alichosahau kukiachia dakika ile walipokuwa wakimsema ndicho alichokumbuka sasa, lo, na mashine ishaanza, ta-ta-ta-ta, anasema tena kwa nguvu, ni miezi minane, ni zaidi ya nusu saa, ta-ta-ta-ta, hasikiki, sawa, sasa ndiyo sawa, kipira kipo mkono wa kushoto, akikibonyeza watakuja mbio, watasimamisha, watamtoa nje, watampa maji na pole, na picha haitakuwepo, hapana, kipira hakibonyezi, ikinyamaza atasema, ataanza na fundi na atamalizia na Daktari, meza kwa meza, na atamwekea mikono juu ya meza yote miwili aione, wakimtoa kwenye wazima wamwingize kwenye wagonjwa, na kuhusu mkataba watajua watakavyosema, lakini kwanza kipatikane cha kuonyeshwa, kwanza ukuta uonekane unavyolowa, dakika nne, mama, ta-ta-ta-ta, kiungo kinachoma mpaka begani, machozi yanashuka yanapita juu ya pua, yanaikuna yenyewe, na hajafumba macho, anautazama mkono wake huko mbele ndani ya plastiki, na kidole kidogo amekinyoosha, amekilaza, hakikunjiki.