Kobe Mweusi Kutoka Kaskazini

Hermelinda aliniambia ni chupa. Hata salamu hakutoa. Alisimama mlangoni mwa karakana yangu, ndoo ya mahindi kiunoni, akamtazama yule kobe mezani, akasema, "Don Teyo, hiyo ni chupa ya bia iliyoyeyushwa. Mwanao kakuletea chupa."

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Macho yangu."

"Basi yapeleke nyumbani yakapumzike."

Akacheka, akaenda zake kusagisha mahindi. Mimi nikabaki na kobe na hasira zangu. Mwanamke yule ana mdomo! Marehemu mumewe, binamu yangu, aliishi naye maisha yake yote na sijui alikuwa anapata saa ngapi nafasi ya kusema.

Lakini niseme ukweli, lililoniuma si mdomo wake. Liliniuma kwa sababu alikuwa na haki ya kusema. Hapa Mazapa, chini ya mapiramidi, tunaishi kwa obsidiani, lile jiwe jeusi la kioo ambalo mlima uliliyeyusha wenyewe zamani kabla ya mtu yeyote. Tunalikata, tunalichonga, tunaling'arisha. Na benchi la kuchongea halikai bila mtu. Mwenye benchi akichoka, analikabidhi siku ya Mtakatifu Fransisko: kwa mtoto wake kama yupo, na kama hayupo, kwa jirani anayelijua jiwe. Mimi nimechoka. Kifua changu kimejaa vumbi, nikiwasha gurudumu kidogo tu nakohoa mpaka machozi. Hermelinda anang'arisha kwa mkono, kwa mchanga na maji, nyuma ya jiko lake, na kazi yake ni safi kuliko ya wanaume wengi wa hapa. Kila mtu alijua benchi langu ni lake. Hata mimi nilijua. Lakini mimi nina mtoto.

Fidencio yuko kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Aliondoka akiwa hajaota ndevu vizuri, sasa nasikia ana kipara. Kila mwaka anakuja, na kila mwaka haji. Mwaka huu, wiki chache kabla ya sikukuu hiyo ya Mtakatifu Fransisko, mwenzake mmoja aliyerudi akaniletea kobe amefungwa kwenye soksi, na ujumbe: "Mwambie baba nimemchonga mwenyewe. Mkono bado upo. Krismasi nakuja kukaa moja kwa moja, asimpe mtu benchi."

Nilimshika yule kobe kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Ukubwa wa kiganja, mweusi tititi, magamba yamechorwa sawasawa, shingo imetoka kidogo pembeni. Magamba yale ni ya kwetu, mwendo ule ule wa patasi. Nikasema, si nilimfundisha mimi? Nilijisikia fahari mpaka nikaona haya, mzee mzima nacheka peke yangu.

Ndipo akaja Hermelinda na chupa yake.

Siku hizi hata sokoni kwetu wapo wanaouza kioo. Wanamimina kioo cheusi kwenye kalibu, wanakipaka nta, na mgeni anakwenda nacho nyumbani kwake akidhani amebeba mlima. Kama kobe yule alikuwa wa kalibu, basi Fidencio hakuchonga kitu, alinunua dukani, na Krismasi ni maneno matupu. Na kama alikuwa jiwe, mwanangu anarudi. Kwangu mimi mambo yote yalikuwa hapo.

Utaniambia, fundi mzima hujui jiwe kwa kulitazama? Macho yangu yana ukungu, na yule kobe alikuwa mnene, amepakwa nta. Kitu kinene cheusi ni cheusi tu, kiwe jiwe au chupa. Nilimweka shavuni, alikuwa baridi. Chupa nayo ni baridi. Nilimgonga kwa ukucha na kumweka sikioni. Nilimpima uzito na kobe mwingine, nikaona sawa, halafu nikaona si sawa, halafu nikajiona mjinga. Kumkwaruza hakusaidii, maana obsidiani yenyewe ni kioo.

Njia ya uhakika ni moja, na Hermelinda alinikumbusha kesho yake juu ya ukuta unaotutenganisha, akiwa anaanika nguo. "Mvunje kidogo, Don Teyo. Mtoe kigamba."

"Zawadi ya mwanangu nimvunje?"

"Basi kaa naye hivyo hivyo mpaka Krismasi, umkumbatie."

"Wewe unataka benchi."

"Nalitaka, ndiyo," akasema, bila kupepesa. "Lakini silitaki kwa uongo. Kama ni jiwe, ni la Fidencio, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpikia."

Mtu akikujibu hivyo huna tena pa kupigania. Nikaingia ndani, nikachukua pembe ya kulungu ya kubandulia jiwe aliyoniachia baba, nikamgeuza kobe, nikabana ukingo wa chini pale nyuma ya mguu ambapo hapaonekani. Nilisukuma. Kikasikika kile kilio kidogo, na kigamba chembamba kikadondoka kwenye aproni yangu.

Nilitoka nacho uani, nikakiinua juani karibu kabisa na jicho langu zuri. Kioo cha kiwandani ukikitazama hivyo ukingo wake unakuwa wa buluu au zambarau, na mapovu yake ni ya duara. Hiki kilikuwa na rangi ya moshi. Kilikuwa na mistari myembamba, na vipovu viwili vitatu vilivyovutwa virefu upande mmoja, kwa sababu jiwe letu lilitiririka kabla ya kuganda.

"Hermelinda!" nilipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. "Hermelinda, njoo hapa na chupa yako!"

Alikuja na mikono yenye povu. Akakichukua kigamba, akakiinua juani, akakigeuza huku na huku.

"Ni jiwe," akasema. "Nisamehe. Nilimsema vibaya mtoto wa watu."

"Mtoto wangu anarudi."

"Anarudi," akasema, na akanirudishia kigamba taratibu. Niliona amelitazama benchi mara moja tu, halafu akaenda kumalizia nguo zake. Nilimwonea huruma, lakini furaha yangu ilikuwa kubwa kuliko huruma. Siku ile nilikunywa pulke, pombe yetu ya hapa, nikala maharage na tortilla tano, nikafagia chumba cha Fidencio na kutoa godoro juani.

Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko ikapita, fataki zikalia, benchi sikulikabidhi. Watu walinitazama, nikawaambia mwenyewe yuko njiani.

Siku iliyofuata nikaona si vizuri Fidencio akirudi amkute kobe wake ana pengo. Nikaamua kulisawazisha kwenye gurudumu, kazi ya dakika chache, kifua kingevumilia. Nikafunga kitambaa puani, nikafungua maji, nikawasha mota. Nikamgeuza kobe chali na kumshika kama anavyoshikwa kazini, vidole juu ya mgongo, gumba la kushoto tumboni.

Gumba likaingia mahali pake.

Nilizima mota. Maji yakaendelea kumwagika miguuni mwangu. Gumba langu la kushoto lilivunjika ujanani na likaunga vibaya, limepinda kuelekea nje. Tangu hapo kila ninachokichonga nakitobolea kishimo tumboni, cha upande upande, ili kisiniponyoke kwenye maji. Hakuna fundi mwingine anayekitengeneza, kwa nini akitengeneze? Gumba la mtu mwenye mkono mzima halikai mle. Siku zote zile nilikuwa nimemshika yule kobe kama mnunuzi, nimempeleka shavuni, sikioni, juani. Nilishughulika na jiwe, mkono sikuutazama.

Alikuwa wangu. Nilimchonga mimi, sijui mwaka gani, nikamuuzia mchuuzi, akavuka mpaka kama walivyovuka wengine. Fidencio alimkuta huko kwenye duka fulani, akanunua kazi ya baba yake bila kuijua, akamrudishia baba yake na kusema ni yake.

Nilikaa chini kwenye tope. Nililia, sioni aibu kusema. Afadhali ingekuwa chupa, ningemtukana Hermelinda na kuyamaliza.

Jumapili simu ikaita, kama kila Jumapili.

"Baba! Kobe umempata?"

"Nimempata."

"Si umeona? Nilikwambia mkono bado upo."

"Nimeona. Jiwe umelitoa wapi?"

"Kuna jamaa huku analeta kutoka nyumbani. Jiwe safi kabisa, Baba, si kioo. Mimi huwezi kunidanganya kwa kioo."

"Hapana," nikasema. "Ni jiwe. Nimelipima." "Na kile kishimo cha tumboni, umekiweka cha nini?"

Nilisikia magari nyuma yake, na mtu akicheka kwa lugha ya huko.

"Kishimo? Aaa, kile. Urembo tu, Baba."

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nayo yote. Lakini namjua mwanangu: ukimwaibisha, anakaa kimya, na kimya chake kinaweza kula miaka. Na mtu wa kuniita Baba ninaye huyo mmoja, Jumapili peke yake, kwa dakika chache.

"Umependeza," nikamwambia. "Umependeza sana, mwanangu."

Alipokata simu nilivaa kofia, nikazunguka ukuta mpaka kwa Hermelinda. Alikuwa amepiga magoti kwenye beseni lake la mchanga, anasugua.

"Inuka," nikamwambia. "Njoo uchukue benchi."

"Sikukuu imepita, Don Teyo. Na Fidencio je?"

"Fidencio haji."

Nilikuwa sijawahi kuyatamka. Hermelinda alifungua mdomo wake ule, nikangoja anicheke, akaufunga. Akajipangusa mikono kwenye sketi. Tukalibeba wawili, yeye upande wa mota, mimi upande mwepesi, tukisimama kila mara nipate kupumua. Kwenye karakana pakabaki alama nne za miguu ya benchi sakafuni na doa la maji.

Jumapili iliyofuata Fidencio aliuliza tena kama benchi sijampa mtu. Nikamwambia lipo pale pale, linamsubiri. Naye akaniambia anakuja.