Jumamosi ya Posa

"Mama, Jumamosi hii naomba iwe yangu," nilisema.

Mama alinielewa. Siku ya Komunyo yangu ya Kwanza, kaka yangu Audax alizua ugomvi mlangoni mwa kanisa. Siku ya mahafali yangu, wazazi walikuwa kituo cha polisi wakimwekea dhamana. Pombe ilimnasa mapema, na tangu hapo nyumba yetu ya Buganguzi ilicheka au kununa kwa kumtazama yeye. Mimi nilikuwa "yule mtulivu." Mtoto mtulivu hasumbui mtu, kwa hiyo hakuna anayemwuliza amelala na nini moyoni. Iliniudhi mno, na sikumwambia mtu.

Mama akampeleka Audax kwa shangazi, kijijini Kaagya, hadi posa yangu ipite.

Wakwe walifika kutoka Kibeta, mshenga wao mzee Rugambwa akiwa mbele. Mimi nilikuwa chumbani na rafiki yangu Edvina, nikisubiri kuitwa. Kwetu maneno ya posa hayaanzi kabla wageni hawajatafuna kahawa, na kaka wa binti ndiye huileta. Hutafuna buni moja kwanza, wageni waone haina baya. Binamu yetu Dastan alikuwa ameandaliwa kushika nafasi hiyo.

Nilipochungulia kwenye pazia, aliyeshika kikapu cha kahawa alikuwa Audax. Amenyoa, shati limenyooshwa, macho meupe bila wekundu wa pombe. Kumbe alikuwa ametoroka kwa shangazi alfajiri. Nilitamani ardhi inimeze.

Akatafuna buni yake, akampelekea Rugambwa. Kikapu kikamponyoka, kahawa ikamwagika mkekani. Rugambwa akainama, akaokota moja, akaitia mdomoni.

"Kasinge, waitu," alimshukuru kwa Kihaya. "Kaa nasi, shemeji."

Mama akapiga vigelegele, akamkumbatia Audax, akalia. Baba, ambaye hata msibani halii, akafuta macho. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Ni kaka yangu. Kisha nikaendelea kusubiri. Wakamwombea, wakamsifu, wakaimba. Edvina akaanza kusinzia.

Hatimaye nikamsikia Rugambwa: "Na binti je? Sisi tulimfuata binti."

Mama akaingia mbio, uso umelowa machozi ya furaha.

"Gaudiosa! Umemwona kaka yako?"

"Nimemwona, mama. Mimi umeniona?"

Akasimama. Akanitazama kuanzia kilemba hadi miguuni, polepole. Halafu akapiga magoti, akaanza kunifunga upya kitenge kilicholegea kiunoni.

Sebuleni wakaita tena.

"Edvina," mama alisema bila kuinua kichwa, "kawaambie wasubiri."